Mwenye Pamba Ndiye Mwenye Timu

Mara mbili au tatu kwa mwaka orodha ile hunifikia kwenye simu. Huwa imetumwa na mtu ambaye naye ametumiwa, na juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa: UNAWAKUMBUKA HAWA? Madata Lubigisa golini. George Masatu. Hussein Masha. Mao Mkami. Nico Bambaga. Kitwana Selemani. Fumo Felician. Khalfan Ngassa. Halafu zinafuata alama za machozi, halafu mtu mzima mmoja wa kundi letu la mtaa anaandika maneno yaleyale aliyoandika mwaka jana: Simba na Yanga ndio walioiua Pamba.

Mimi sikuwakumbuka hawa. Nilizaliwa Kitangiri wakati timu tayari inachechemea, na iliposhuka daraja mwaka 2001 nilikuwa mtoto wa kutumwa mafuta ya taa. Pamba niliyoijua mimi ilikuwa ya masimulizi, kama Mirambo. Lakini nimeyasikia masimulizi hayo mara nyingi kiasi kwamba naweza kukusimulia na wewe bila kukosea, na nimefika mahali nimechoka nayo. Nimechoka kwa sababu ni matamu mno. Na kwa sababu, kama nitakavyojaribu kuonyesha, si ya kweli. Au tuseme nusu ni kweli, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayotugharimu mpaka leo.

Masimulizi yanakwenda hivi. Zamani Mwanza ilikuwa na timu yake, TP Lindanda, wana Kawekamo. Vijana walikula sato, wakanywa maji ya ziwa, wakakimbia juu ya mawe, basi wakawa na vifua vya chuma. Mwaka 1990 wakawa mabingwa wa Ligi ya Muungano. Mwaka huohuo wakacheza Kombe la Washindi barani Afrika na kuifunga timu ya Shelisheli mabao mengi mpaka aliyekuwa akihesabu akachoka. Kisha wakubwa wa Dar es Salaam wakaja na mabahasha, wakachukua mmoja mmoja, Masatu huyo, Masha huyo, wakawavalisha jezi nyekundu, na mwaka 1993 Simba ikafika fainali ya Kombe la CAF ikiwa na watoto wetu uwanjani. Sisi tukabaki na mawe yetu.

Ni hadithi nzuri. Ina shujaa, ina mwizi, na sisi wasikilizaji hatuna kosa lolote ndani yake. Hapo ndipo ningekuwa wewe ningeanza kuitilia shaka.

Mjomba wangu alifanya kazi kwenye kinu cha kuchambulia pamba. Sitakitaja, na hakina haja ya kutajwa. Vilikuwa vingi kuzunguka ziwa, na mambo yake hayakuwa tofauti na ya jirani yake. Alikuwa mtu wa mizani. Marobota yakitoka kwenye mashine, yeye huyapima na kuyaandika. Ndiye aliyenipeleka Kirumba mara ya kwanza, nikiwa darasa la pili, kutazama mechi ambayo hata sikumbuki ilikuwa ya nani na nani. Nakumbuka harufu ya dagaa kutoka Mwaloni ikivuka ukuta wa uwanja, na nakumbuka mjomba hakushangilia hata mara moja. Alikaa amekunja mikono kama mtu aliyekuja kukagua kitu chake.

Miaka mingi baadaye, alipokuwa mgonjwa na mimi nimetumwa kutafuta kadi yake ya kliniki ndani ya sanduku la bati, nilikuta bahasha ya kaki imejaa stakabadhi za mishahara. Alizitunza zote. Karatasi nyembamba za rangi ya maziwa yaliyochacha, maandishi ya mashine yamefifia. Mshahara wa msingi. Makato ya chama. Makato ya mfuko. Na chini kabisa, mwezi baada ya mwezi, mstari mmoja: michezo.

Nikamwuliza, "Mjomba, hii michezo ni nini?"

Akaniangalia kama niliyeuliza jua ni nini. "Hiyo si Pamba?"

"Walikukata?"

"Walitukata wote."

"Kwa hiyo ulikuwa mwanachama."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Mwanachama wa nini, mjomba? Mwenye pamba ndiye mwenye timu. Sisi tulikuwa wenye kukatwa."

Basi hapo ndipo ninapotaka kuanzia, kwenye mstari ule mmoja wa chini kabisa, tuwaache kwanza sato na mabahasha.

Pamba haikuanza kwa sababu vijana wa Mwanza walikuwa na vipaji kuliko vijana wa Mtwara. Jina lake linasema wazi, tena bila aibu. Ilikuwa timu ya zao. Usukumani pamba ndiyo iliyokuwa ikiendesha kila kitu: ndiyo iliyojenga maghala, ndiyo iliyopeleka watoto shule, ndiyo iliyoipa barabara moja ya katikati ya mji jina lake. Taasisi za umma zilizosimamia zao hilo zikawa na timu, kama vile reli ilivyokuwa na Reli ya Morogoro, bandari ikawa na Bandari ya Mtwara, kampuni za biashara za mikoa zikawa na RTC Kagera na RTC Kigoma, ushirika wa Kilimanjaro ukawa na Ushirika ya Moshi. Ndivyo mpira wa nchi hii ulivyokuwa ukiendeshwa. Mchezaji alipewa ajira: karani, dereva, mtunza ghala. Asubuhi anasaini daftari la kazini, mchana yuko mazoezini. Mwisho wa mwezi analipwa kama mjomba alivyolipwa. Akiumia goti, anabaki karani.

Fikiria hilo kidogo. Kijana wa Bugarika au Mabatini anaambiwa: cheza, na hata usipocheza una kazi. Hakuna wakala, hakuna kusubiri mfadhili aamke vizuri. Leo tunasema wachezaji wa zamani walikuwa na mapenzi ya jezi. Walikuwa nayo, sawa. Walikuwa na mshahara pia, na mapenzi hukaa vizuri zaidi juu ya tumbo lililoshiba. Ninasema hivi kwa heshima. Kumwambia mtu kuwa mafanikio yake yalitokana na mfumo uliomlinda hakumpunguzii kitu. Kunatupunguzia sisi, tuliouacha mfumo huo ufe bila hata kuuliza uliishije.

Sasa tuangalie yule mwizi wa hadithi. Simba na Yanga zilikuwepo muda wote huo. Yanga ni ya mwaka 1935, Simba ya 1936. Zilikuwa na pesa, zilikuwa na mji mkuu wa biashara, zilikuwa na mashabiki mpaka Ukerewe. Na bado Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa milimani Mbeya, ilichukua ubingwa mwaka 1986. Coastal Union ya Tanga ikachukua mwaka 1988. Pamba mwaka 1990. Kama Simba na Yanga ni ugonjwa wa kuua timu za mikoani, mbona kwa miaka ile zilishindwa kuua?

Jibu halina utamu. Timu za mikoani zilikuwa na mahali pa kuegemea, halafu mahali hapo pakabomolewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika ya umma yakaanza kubinafsishwa. Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na mizani zao, na vyombo vilivyokuwa vikishika zao lote mkononi vikabaki na madeni na majengo. Mjomba alipunguzwa kazi katika miaka hiyo. Alirudi nyumbani na baiskeli, redio, na ile bahasha ya kaki. Wachezaji nao wakatafuta pa kwenda, na pa kwenda palikuwa Dar es Salaam. Nani angewalaumu? Mwajiri akifa, mfanyakazi hahami kwa usaliti.

Tangu mwaka 2001 mpaka leo, timu moja tu nje ya Simba na Yanga imechukua ubingwa wa Bara: Azam, msimu wa 2013/14. Azam ina kampuni kubwa nyuma yake. Unaona mpangilio? Wanaoshinda ni wenye kampuni, au wenye wanachama wengi kupita kiasi. Hakuna aliyeshinda kwa kula sato.

Nitasogea mbali kidogo, nivumilie. Kuna mji mwingine wa pamba ambao uliwahi kuwa na timu, na habari zake nilizisoma usiku mmoja umeme ukiwa umekatika na simu ina asilimia kumi na tisa. Manchester. Mji uliotajirika kwa kusokota pamba iliyolimwa na watu wengine. Huko, mwaka 1995, ulifunguliwa ukumbi mkubwa mno, na pamoja nao ikaanzishwa timu ya mpira wa magongo wa kwenye barafu, Manchester Storm. Najua, barafu. Kwetu barafu ni ya kufunikia sangara. Lakini usiicheke mapema. Msimu wake wa kwanza timu ikashinda daraja lake. Mwaka 1997 watu 17,245 walijaa kuitazama ikicheza na Sheffield Steelers, umati ambao mchezo huo haukuwahi kuuona Uingereza. Msimu wa 1998/99 ikawa bingwa wa ligi ya juu. Miaka minne tu kutoka sifuri. Kisha Novemba 2002, katikati ya msimu, madeni yakaizidi na timu ikafungwa. Kwisha. Watu elfu kumi na saba walioimba hawakuwa na neno la kusema, kwa sababu walichokuwa wamenunua ni tiketi.

Ninachopenda katika habari hiyo ni kilichofuata. Mashabiki hawakuandika orodha ya majina na kuweka alama za machozi. Walikusanyika, wakaunda kikundi chao, wakachangishana, na mwaka 2003 mji ukawa tena na timu, Manchester Phoenix. Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka. Phoenix nayo ilihangaika kupata pa kuchezea, na mwaka 2017 ikafa. Jina la Storm lilikuwa limeshafufuliwa mwaka 2015 kwenye uwanja mdogo wa Altrincham. Kwa hiyo sisemi kwamba mashabiki wakishika timu haitakufa. Ninasema kwamba ilipokufa ile ya kwanza kulikuwa na watu waliojiona wamefiwa na kitu chao, wakaenda kuuliza mirathi. Sisi tulipofiwa mwaka 2001 tulikwenda kwenye kibanda umiza kuangalia Arsenal.

Na hapa ndipo ninapogombana na rafiki zangu, na nafsi yangu.

Rafiki yangu mmoja, mwanasheria, kijana anayejua vifungu kwa namba, aliniambia kwamba Wasukuma na mji wetu huu hatuna utamaduni wa kumiliki pamoja. Kwamba tunaheshimu mwenye nacho, basi. Tulikuwa tumekaa pale juu Capri Point, ziwa liko chini yetu, na nilishindwa kumjibu kwa sababu wakati ule sikujua. Sasa najua, na namjibu hapa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoshwa na mizani za wanunuzi. Kilo zilikuwa zikipungua njiani kati ya kichwa cha mkulima na daftari la mnunuzi. Hawakulia. Waliunda vyama vijiji kwa vijiji, wakapima wenyewe, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunganishwa kuwa shirikisho la Victoria, likiongozwa na Paul Bomani. Ndani ya miaka michache shirikisho hilo likawa moja ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika, na likanunua vinu vyake lenyewe. Vinu! Watu wa jembe la mkono walisema: hatutaki tu bei nzuri, tunataka mashine. Huo ndio utamaduni wa kumiliki pamoja, na ulikuwepo hapahapa kabla baba yake mwanasheria hajazaliwa.

Kilichotokea baadaye kinajulikana. Ushirika ulizidiwa na ubadhirifu, serikali ikaingia, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa na kazi yake ikapewa mamlaka za mazao. Viliporudishwa katika miaka ya 1980, mkulima alirudi kwenye ushirika kama mgeni aliyekaribishwa nyumbani kwake. Pamba ya mpira, ile tuliyoililia, ilipanda chati katika zama hizi za pili, si zile za kwanza. Ilizaliwa na kulelewa wakati ambapo kumiliki kulishakuwa kazi ya ofisi. Ndiyo maana mjomba alicheka. Babu yake alikuwa na hisa kwenye kinu. Yeye alikuwa na makato.

Sasa timu imerudi. Aprili 2024, baada ya miaka 23, ilipanda Ligi Kuu pamoja na KenGold ya Chunya, ikiwa na jina la Pamba Jiji. Siku ile Mwanza ilipiga honi mpaka usiku. Nililia, nakiri. Nilisimama Mlango Mmoja katikati ya bodaboda zilizofunga vitambaa, nikalia kwa ajili ya mtu aliyekufa miaka sita kabla. Msimu wa kwanza ulianza kwa shida, kocha Goran Kopunović akaondoka mapema, akaja Fred Felix Minziro, na timu ikabaki daraja wakati KenGold wakishuka. Kubaki si jambo dogo. Wakumbuke Mbao, waliopanda mwaka 2016, wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho 2017 pale Dodoma na kuitoa jasho Simba mpaka dakika za nyongeza. Leo nani anawazungumzia? Wakumbuke Toto African, Alliance, Gwambina ya Misungwi. Mkoa huu una makaburi mengi ya timu kuliko wengi wanavyojua, na mengine bado udongo wake ni mbichi.

Jiji limeibeba timu, na ninashukuru. Wabheja sana, kwa moyo wote. Bila mkono wa Jiji isingepanda, na mtu anayebeza hilo hajui gharama ya kuisafirisha timu kutoka Mwanza mpaka Mtwara. Lakini hebu tusome jina tena. Kwanza lilikuwa jina la zao, sasa ni jina la zao na la halmashauri. Kinondoni wana KMC, Dodoma wana Dodoma Jiji, Mbeya wana Mbeya City. Hiyo ya Mbeya ilipanda mwaka 2013 na msimu wake wa kwanza ikamaliza ya tatu, Sokoine ikawaka moto, sote tukasema mpira wa mikoani umezaliwa upya. Mwaka 2023 ikashuka. Imerudi, sawa. Lakini timu ya halmashauri huishi kwa bajeti, na bajeti huishi kwa mkurugenzi na madiwani, ambao nao huja na kuondoka. Na katika bajeti hiyohiyo kuna madawati, kuna mitaro ya Mabatini inayofurika kila masika, kuna zahanati. Siku diwani mmoja atakaposimama na kuuliza kwa nini tunalipa mishahara ya washambuliaji wakati wajawazito wanalala wawili kitandani, atakuwa na haki, na mimi sitaweza kumzomea.

Utasema: unataka nini basi, timu ya mashabiki maskini? Ndiyo, hilo ni swali la haki, na watu wakubwa wameniuliza kwa ukali. Pesa za kadi haziendeshi Ligi Kuu. Hata Simba na Yanga, zenye mamilioni ya wapenzi, zilikwenda kutafuta wawekezaji. Kweli. Lakini angalia walivyokwenda. Katika mfumo wao mpya mwekezaji anawekewa asilimia 49 na wanachama 51. Unaweza kubisha jinsi hesabu hizo zinavyofanya kazi, na wenyewe wanabishana kila kukicha, mpaka mahakamani. Wanabishana kwa sababu wana kitu. Mzee wa Kariakoo mwenye kadi ya mwaka 1974 anaweza kusimama kwenye mkutano mkuu na kumwuliza tajiri maswali ya kijinga kabisa, na tajiri inabidi ajibu. Mimi shabiki wa Mwanza nitamwuliza nani?

Na usinijibu kwamba sisi ni wachache. Simba ikija Kirumba, au Yanga, uwanja unajaa tangu saa sita mchana. Tunatoka Igoma, Buzuruga, Nyegezi, tunavuka kwa feri kutoka Sengerema. Na tumevaa nini? Nyekundu. Kijani. Ndani ya mji wetu, timu yetu ikiwa uwanjani, sisi ndio wageni. Nasema sisi kwa makusudi. Msimu wa kwanza wa kurudi nilikwenda kutazama Pamba na Yanga nikiwa na jezi ya Yanga ndani na fulana nyeupe juu, ili niamue kulingana na matokeo. Mtu mzima, mwenye shahada. Bado naona haya kuliandika.

Halafu jioni hiyohiyo tukarudi nyumbani na kutumiana ile orodha. Masatu, Masha, Fumo, alama za machozi. Tunaililia timu ya mwaka 1990 kwa sababu haitudai kitu. Haina kiingilio, haina mkutano wa kuhudhuria, haipotezi mechi. Pamba ya leo inadai, na sisi tunaikwepa kwa kuisifu mama yake.

Kuna jambo jingine linaloniuma, na nitalipitia haraka kwa sababu nikilikalia nitatukana. Hatuna hata maandishi. Timu iliyokuwa bingwa wa Muungano, iliyocheza Afrika, hakuna kitabu chake nilichokiona kwenye duka lolote la mji huu. Ukitaka kujua nani alifunga, unamtafuta mzee fulani pale Makoroboi, unamnunulia chai, na mzee mwingine pembeni anabisha. Mrisho Ngassa, mwana wa Khalfan, alizaliwa hapa, akachezea Toto, mwaka 2009 akaenda kujaribiwa West Ham, na ni jina ambalo kila mtoto wa Tanzania wa rika langu alilijua. Baba na mwana, vizazi viwili vya mpira wa mji mmoja. Nchi nyingine hiyo ni filamu. Kwetu ni mistari miwili kwenye orodha ya WhatsApp, na mara nyingi jina limekosewa.

Mwanasheria alipoyasikia haya yote, juzi, alininyamazia kwa muda. Kisha akauliza swali la kisheria, kama kawaida yake: "Wewe una ushahidi gani kwamba mjomba wako alistahili chochote?" Nikamwambia sina, ila karatasi. Akaomba kuziona. Nikampelekea bahasha. Akazitandaza mezani kwake, akazipanga kwa miaka, akatoa kikokotoo. Sikumtuma afanye hivyo. Alijumlisha mstari ule wa chini, stakabadhi moja baada ya nyingine, mpaka chai yake ikapoa. Zilipungua za miezi kadhaa, zilizoliwa na mchwa, akaziachia nafasi. Jumla haikuwa kubwa. Kwa shilingi ya leo isingekutosha kununua jezi. Akaiandika kwenye karatasi, akaizungushia duara, akasema, "Basi huyu alikuwa mdhamini."

Tumefungua daftari. Ni la kurasa mia mbili, jalada gumu, tulilinunua Rwagasore. Ukurasa wa kushoto tunaandika mtu yeyote anayetaka kuweka shilingi elfu mbili kila mwezi kwa ajili ya Pamba, tukijua kabisa kwamba hatujui bado pesa hizo tutazipeleka wapi, kwa mlango gani, na kwa haki gani. Mwanasheria anaandika barua ya kuuliza. Ukurasa wa kulia tunaandika alichokiona, au alichosimuliwa, kuhusu timu ya zamani: mechi gani, nani alifunga, alikaa upande gani wa uwanja, mvua ilinyesha au haikunyesha. Mpaka leo asubuhi kuna majina kumi na moja. La kwanza nililiandika mimi, kwa niaba, na upande wake wa kulia nimegundisha stakabadhi ya mwezi Juni.

Jina la kumi na moja ni la mama anayekaanga samaki karibu na geti la uwanja. Alilipa kwa sarafu. Kabla hajasaini aliuliza kama akisaini atalazimika kuiacha Simba, na mwanasheria akamwambia hapana, kisha akanitazama mimi.